Mwisho wa "Treni Imejaa"

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimeamka na mafua. Dada yangu Uwimana anasema ni kulala na feni wakati wa kipupwe. Mimi nasema ni vumbi la Julai. Sikubishana naye. Mtu mwenye habari kubwa habishani juu ya feni.

Habari yenyewe: asubuhi Imakulata alikuja studio. Studio ni chumba cha mbele cha nyumba ya Uwimana. Kamera mbili, kompyuta moja, na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji kwa wateja wa pasipoti wanaotaka na ya kumbukumbu. Imakulata ni binti wa Mwalimu Benjamini, na yeye pia anafundisha. Anasema filamu yetu inatimiza miaka ishirini. Parokia imetoa ukumbi, Jumamosi ya tarehe ishirini, saa tisa alasiri. Itaonyeshwa, halafu sisi tuliobaki tutaeleza jinsi ilivyotengenezwa.

Filamu yetu! "Treni Imejaa"! Tabora hii, mtu aliyezidi miaka thelathini na hajaiona, basi alikuwa amelazwa. Ilizunguka vibanda vyote vya video, Urambo mpaka Nzega.

Naieleza kwa ufupi, endapo shajara hii itaangukia mikononi mwa mgeni. Karani wa tiketi stesheni ya Igalula anampenda msichana aliyekuja kukata tiketi ya kwenda Dar kuolewa. Hathubutu kusema. Basi kila akija dirishani anamwambia treni imejaa. Leo imejaa, kesho imejaa, wiki nzima imejaa, na huku nyuma abiria wengine wanapanda na mbuzi wao. Mwishowe aibu inamzidi, anamkatia tiketi. Treni inafika. Msichana yuko stesheni na begi mkononi. Hapo filamu inakatika.

Inakatika kweli. Giza. Kanda ya mwisho iliharibika. Mwalimu Benjamini, aliyeitunga na kuiongoza, aliitoa hivyo hivyo, akatuapisha wote tusiseme ilivyokwisha, maana ubishi ulikuwa unajaza vibanda. Watu wanabishana mpaka leo, saluni na misibani. Alipanda au hakupanda?

Karani alikuwa Nurdini. Msichana alikuwa Advera. Na mimi? Soma majina yanayopita mwanzoni: "Sinia: Tarsisi Ciza." Hatukuwa na taa. Nilishika sinia la pilau siku kumi na nne, nikilirudisha jua usoni kwa Advera.

Imakulata alikumbuka jambo lingine akiwa mlangoni. Mwalimu ana presha ya macho. Anaona vivuli tu, na daktari amesema hata vivuli hivyo havitamaliza mwaka. Anatamani ile picha ya mwisho ipigwe upya, pale pale Igalula, kabla giza halijafunga. Advera amekubali kuja kutoka Sikonge.

Advera. Nilikaa chini bila kuangalia. Lilikuwa beseni la nguo za Uwimana. Alikuwa ameziloweka.


Jumanne, 9 Julai

Naandika ukweli maana humu hasomi mtu. (Uwimana, kama unasoma, acha.)

Kanda ya mwisho haikuharibika. Niliifuta mimi.

Marehemu mjomba Manirakiza ndiye aliyeshika kamera. Aliniagiza niirudishe mjini pamoja na kanda. Njiani nikachungulia kwenye kijioo cha kamera. Nikaona Nurdini amemkumbatia Advera, na uso wa Advera juu ya bega lake. Macho yale! Yale hayakuwa ya kuigiza. Nikajua anampenda Nurdini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nimeshika sinia siku kumi na nne bila kusema neno. Nikairudisha kanda nyuma, nikaacha kifuniko kwenye lenzi, nikabonyeza kurekodi. Dakika kumi na moja za giza. Nikawaambia mashine imeila.

Wala hakuolewa na Nurdini. Aliolewa na mfuga nyuki wa Sikonge, mtu mwema, amefariki miaka sita sasa. Kwa hiyo nilifuta bure.

Lakini Mungu hutoa nafasi ya pili, na safari hii sitaichezea. Safari hii karani nitakuwa mimi. Mwalimu anaona vivuli tu. Kivuli changu na cha Nurdini vina tofauti gani? (Cha Nurdini kimenenepa. Nitavaa mashati mawili.)

Mpango uko hivi. Tunapiga picha Jumatano ya tarehe kumi na saba. Nurdini nitamwambia ni Alhamisi, siku moja baadaye.

Rahisi. Safi. Sijui kwa nini sikuwa jasusi.


Alhamisi, 11 Julai

Kwa Nurdini. Ana cherehani tatu kwenye baraza karibu na soko, na tumbo la mtu anayekula mchana kwa wakati. Alinipokea kwa sauti ambayo barabara nzima ilisikia: mshika sinia wangu amekuja!

Nilimwambia tunahitaji sare ya karani kama ile ya zamani, ya kutundikwa ukumbini watu waione. Alifurahi hadi akaondoa miwani. Nikasubiri atoe futi anipime, nimwambie kwa utani kwamba anaweza kutumia mwili wangu tu, kwa makisio. Hakutoa futi. Alisema vipimo vya karani anavijua kichwani.

Nikamwambia pia kwamba picha itapigwa Alhamisi ya tarehe kumi na nane. Akaandika kwa chaki ukutani, kwa herufi kubwa.

Kisha akasikia ninavyopiga chafya. Akamtuma mkewe ndani, ikaja chai ya tangawizi na kashata mbili. Akaniuliza habari za mjomba, nikamkumbusha amefariki, akainamisha kichwa akamwombea papo hapo. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekupa tangawizi. Nimejitahidi njia nzima.


Jumamosi, 13 Julai

Nimekwenda kumrekodi Mwalimu akieleza jinsi filamu ilivyotengenezwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanigusa uso kwa vidole akasema nimezeeka. Nilimwambia ni mafua.

Alizungumza saa mbili. Filamu nzima aliiandika kwenye daftari la darasa la nne, na kila mwigizaji alimpa maksi kwa wino mwekundu. Advera tisa. Nurdini saba, halafu nane baada ya kulalamika. Sinia halikupata maksi. Treni ilisimama dakika chache tu, kwa hiyo kila tukio la treni lilipigwa mara moja, na likiharibika tulisubiri siku nyingine tukila matobolwa, viazi vitamu vya kukausha. Wakulima wa tumbaku aliowaomba wajifanye abiria walipanda kweli, wakafika Dodoma. Mmoja aliandika barua ya shukrani.

Nilimuuliza kwa nini treni, kwa nini si shamba au kanisa. Akasema Tabora ni mji wa kupitiwa. Misafara ilipita hapa ikienda pwani na ikienda ziwani, ikaja reli, nayo inapita. Kila mtu anasimulia waliopita. Yeye alitaka kutunga habari ya mtu mmoja tu aliyebaki.

Halafu akasema lile nililokuwa naliogopa. Siku ya picha ya mwisho alikuwa ng'ambo ya reli akizuia mbuzi wasiingie kwenye picha. Hakuiona. Alijua ataitazama kwenye kanda.

"Maneno niliyaandika mimi," akasema. "Sura ya yule mtoto akiyasema sijawahi kuiona. Wewe uliiona, Tarsisi?"

Nikasema betri imekwisha. Haikuwa imekwisha. Ilikuwa imejaa hadi juu.


Jumatatu, 15 Julai

Advera amefika leo.

Mpango: kuwa stendi kwa bahati mbaya. Suruali ya pasi, manukato ya wastani, gazeti mkononi, kama mtu aliyepita tu. Nilikuwa nimeandaa na maneno. Nilifika saa nne, basi la Sikonge huingia saa tano. Saa saba bado nasoma gazeti lile lile. Kondakta mmoja akaniuliza kama namsubiri mtu. Nikasema hapana. Akasema basi nimpishe, nimesimama kwenye mizigo yake.

Nikarudi nyumbani. Nikamkuta jikoni na Uwimana, wanachambua maharage. Basi lake liliwahi. Alichukua bodaboda moja kwa moja.

Ana mvi kidogo pembeni mwa kichwa na miwani ya kusomea imening'inia kwa kamba. Watu humwita Mama Renatus, kwa jina la mwanawe anayesoma Mwanza. Alileta dumu la asali. Vidole vyake vina alama ndogo ndogo za nyuki. Alinitazama kuanzia juu hadi viatu.

"Umekonda, Tarsisi. Una nini?"

Maneno yote niliyoyaandaa, siku nne. Nikasema, "Feni."

Uwimana alicheka hadi akaacha maharage. Advera hakucheka. Alikoroga asali kwenye maji ya moto akanipa, akasubiri mpaka nimalize, kama vile nina miaka saba. Kisha akauliza kama Nurdini atakuwepo Jumatano. Nikasema Nurdini ana kazi nyingi. Akasema sawa, akarudi kwenye maharage. Nilitazama uso wake nione kama ameumia. Sikuona. Anajua sana kuficha.

Kafikia kwa Imakulata. Asali ilibaki kwetu.


Jumatano, 17 Julai

Sijui nianzie wapi.

Tuliondoka na Noah ya kukodi saa moja asubuhi, baridi kali. Mwalimu mbele, amevaa koti la sherehe. Imakulata, Advera na mimi nyuma, pamoja na kamera na mfuko wenye sare. Sare niliichukua jana kwa Nurdini ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Sikuijaribu. Kosa.

Mkuu wa stesheni ya Igalula anaitwa Mfaume. Kijana, mpole, sare imenyooka. Alisema baba yake na baba yake mdogo hawakusemeshana mwaka mzima kwa sababu ya filamu ile, mmoja akisema alipanda na mwingine hakupanda. Ruhusa alitupa, kwa masharti tusizuie abiria. Treni ya saa tano itasimama dakika tatu. Kisha akaniomba pembeni nimwambie, kwa siri, kama alipanda. Nikamwambia nimeapa.

Nikaingia chumba cha tiketi cha zamani kubadilisha nguo. Suruali ile! Tungeingia mimi, Uwimana, na mkungu wa ndizi. Nurdini alishona kwa vipimo vya karani vilivyoko kichwani mwake, yaani vyake, vya leo. Niliifunga kwa kamba ya katani. Mikono ya shati ilinifika kwenye kucha.

Nje Mwalimu alikaa kwenye kiti, uso ameuelekeza kwenye reli. Akauliza nani yuko dirishani. Nikajibu kwa sauti nzito kwamba ni Nurdini. Akasema, "Sauti imepungua." Advera alikuwa anafunga kilemba. Alisimamisha mikono kichwani akanitazama.

Dakika kumi kabla ya treni, ikaja bodaboda na vumbi lake. Nyuma amekaa Nurdini. Amevaa sare ya karani. Imemkaa vizuri mno.

Alikuwa ameshona mbili. Moja ya kutundikwa, moja ya kuvaa. Na jana usiku Advera alimpigia simu kumsalimu, akamtajia siku. Hakukasirika. Alishuka, akajikung'uta, akanitazama kupitia dirishani kwa mshangao wa kweli.

"Tarsisi, mbona umevaa ile ya maonyesho?"

Treni ikapiga honi.

Kilichofuata nakiandika upesi ili kiumie kidogo. Nurdini aliomba nitoke akae dirishani. Nikakataa. Akaja mlangoni. Nikafunga mlango. Treni ikasimama. Nikabadili mawazo, nikataka kutoka nimfikie Advera kabla yake, mlango ukagoma. Nikapita dirishani. Mabega yalipita, kifua kikapita, kamba ya katani ikanasa kwenye msumari, na mimi nikafika nje bila suruali. Shati, namshukuru Nurdini, lilikuwa refu.

Na Advera alikuwa amesimama peke yake mbele ya behewa, begi mkononi, kilemba cha bluu, mama wa miaka arobaini na nne amenyooka kama siku ile. Abiria walimtambua. Mama mmoja dirishani akampigia kelele apande. Mwingine behewa la nyuma akasema asithubutu. Behewa zima likaingia ubishi. Imakulata alikuwa anazungusha kamera kati ya makarani wawili, mmoja mlangoni na mwingine chini. Mfaume akatazama saa, akatutazama kwa huruma, akainua bendera. Treni ikaondoka.

Vumbi likatulia.

"Imekwenda?" Mwalimu akauliza.

Imakulata akamwambia imekwenda.

"Imepatikana?"

Imakulata alitazama reli. Niliona mikono ya Mwalimu ikitafuta magoti yake na kukaa pale. Hakulalamika. Alitingisha kichwa taratibu, kama mtu aliyefika kituoni akaambiwa arudi kesho, na yeye hana kesho nyingi. Nimefanya mambo mengi ya kijinga. Sijawahi kuyaona yakikaa kwenye kiti mbele yangu na koti la sherehe.

Akasema, "Basi nisimulieni ile ya kwanza. Tarsisi, manju wa sinia, wewe ulikuwa karibu."

Nikakaa chini pale pale, kwenye saruji, na shati langu. Nikasimulia.

Nikamwambia jua lilikuwa upande wa kushoto, limeanza kuwa la njano. Advera alikuwa na viatu vya kuazima, cha kulia kimemzidi, kwa hiyo alitembea akikiburuta kidogo, na ikaonekana kama mguu hautaki kwenda. Karani akatoka, akampa tiketi, akamwambia apande, nafasi ipo. Advera akaitazama treni, milango iko wazi, viti vitupu vinaonekana. Akatazama tiketi. Akaweka begi chini polepole, kama analaza mtoto. Akasema, "Treni imejaa."

Nikamwambia hakusema kwa kucheka kama ilivyoandikwa. Alisema taratibu, kidevu kinatetemeka, halafu tabasamu likaja lenyewe, upande mmoja kwanza. Karani akamkumbatia. Uso wake ukaja juu ya bega, na mwanga ukawa unatetemeka juu ya macho yake.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Machozi yalitoka hivyo hivyo, yamefumbwa.

Sikuweza kuendelea kukaa na lile jingine. Nikasema, "Haikuliwa na mashine, Mwalimu. Niliifuta mimi."

Nikaeleza. Kifuniko, lenzi, dakika kumi na moja.

Wa kwanza kusema alikuwa Nurdini, na hakuwa na ile sauti yake ya barabarani. Alisema miaka ishirini ameamini Mwalimu aliitupa ile kanda kwa sababu yeye aliiharibu. Kwamba ile habari ya mashine ilikuwa ya kumsitiri. Ndiyo maana hakuigiza tena. Waliwahi kumwita Dar, hakwenda.

Hilo sikuwa nalijua. Kumbe nilifuta na uigizaji wa Nurdini.

"Kwa nini, Tarsisi?" Mwalimu akauliza.

"Kwa sababu ya macho ya Advera. Alikuwa anamtazama mtu anayempenda. Sikuweza kuvumilia."

Advera alikuwa bado amesimama na begi. Akaliweka chini.

"Uso wangu ulikuwa juu ya bega la Nurdini," akasema. "Ningemtazamaje Nurdini?"

Sikuelewa.

"Nurdini nilikuwa nimemkumbatia. Mbele yangu kulikuwa na nini?"

Nikafikiri. Benchi. Mbuzi wawili waliomponyoka Mwalimu. "Sinia," nikasema.

"Na sinia alilishika nani?"

Ndege fulani alikuwa analia kwenye paa la bati. Mfaume alikuwa amesahau kuikunja bendera.

"Mwanga ulikuwa unatetemeka," Advera akasema, "kwa sababu wewe ulikuwa unalia. Nilikuona. Nikasubiri uje useme. Nikasubiri mwaka mzima. Halafu akaja mtu akasema."

Hakusema kwa hasira. Alikuja akanivika kanga yake kiunoni, akaifunga vizuri, mafundo mawili.

Mwalimu akajipangusa uso. Akatangaza maksi, kwa sauti ya darasani. Kwa kufuta kanda, sifuri. Kwa kusimulia, tisa. Nurdini, kwa kukumbatia watu bila kuwaharibia sura, kumi, na isikatwe rufaa.

Nurdini alinisamehe ndani ya Noah, tukirudi. Alisema ila suruali nirudishe. Kitambaa kile ni kizuri.


Jumamosi, 20 Julai

Ukumbi ulijaa kuanzia saa nane. Watu wa Ulyankulu walikuja na lori. Mfaume alikuja na baba yake na baba yake mdogo, wamekaa viti vilivyo mbali.

Filamu ikaonyeshwa. Picha imechakaa, sauti inakoroma, na watu wanaitikia maneno kabla hayajasemwa. Kila mara karani alipofungua mdomo, ukumbi mzima ulimsaidia: imejaa! Nurdini alisimama kupunga mkono mara tatu. Hakuna aliyemwomba.

Likaja giza. Ubishi ukaanza saa ile ile. Ndipo Mwalimu akasimama, ameshikwa mkono na bintiye, akasema leo anatufungulia kiapo.

Imakulata akawasha. Kumbe kamera haikuzimwa pale Igalula. Nikajiona ukutani, mkubwa kuliko nyumba, nimekaa chini na shati refu na miguu mitupu. Nilitaka kutoka. Advera, aliyekaa kiti cha jirani, alinishika mkono wa shati. Basi nikabaki.

Hakuna aliyecheka miguu yangu. Nilisikia sauti yangu ikisema habari ya kiatu cha kulia. Mwalimu alikuwa kiti cha mbele, hakutazama ukuta, alikuwa ameugeuzia sikio. Sauti yangu ilipofika "akaweka begi chini polepole", aliinua kidole kimoja, kama alivyokuwa akifanya zamani kumwashiria Advera kwamba ni zamu yake. Na Advera, pale kwenye kiti karibu nami, akasema yeye mwenyewe, si kwa sauti kubwa, lakini ukumbi ulikuwa kimya:

"Treni imejaa."

Kidevu kikatetemeka. Tabasamu likaja upande mmoja kwanza.

Sikumbuki makofi. Naambiwa yalikuwepo. Naambiwa baba wa Mfaume alivuka viti kumfuata nduguye.

Nje, watu wakitawanyika, Mwalimu alinitafuta kwa mikono. Akasema sasa ameiona. Nikamsindikiza hadi kwenye bajaji, nikamwambia nisamehe. Akasema alishaweka maksi, hafuti.

Advera alikuwa anasubiri bodaboda. Alisema wiki ijayo Jumapili baada ya misa atapika kuku wa kienyeji, niende Sikonge. Akasema nisilete kamera. Akasema, na alinitazama machoni aliposema, "Njoo tu, Tarsisi. Usipange kitu."

Nikasema nitakuja.


Jumatatu, 22 Julai

Mafua yamekwisha. Akili iko safi kabisa.

Nimefikiri kwa utulivu juu ya Jumapili. Mwanaume wa miaka arobaini na sita hawezi kwenda tu. Akienda tu, ataonekana alikuwa anasubiri kuitwa. Mwanamke lazima kwanza akose, ndipo afurahie.

Kwa hiyo leo asubuhi nimemtumia ujumbe kwamba Jumapili sitaweza kuja, nimepata harusi kubwa sana Nzega. Hakuna harusi. Jumapili nitashuka Sikonge na basi la asubuhi, nitamngoja nje ya kanisa, nimsalimie kama mtu aliyepita tu. Nitasema bwana harusi ameahirisha. Atashangaa! Nimeazima koti kwa Nurdini. Ni pana kidogo, lakini hakuna madirisha katika mpango huu.

Nimemweleza Uwimana. Aliweka sufuria chini, akanitazama muda mrefu, akatoka nje. Wivu.

Saa sita Advera amejibu. Ameandika: "Sawa. Basi Jumapili nitakwenda Mwanza kumwona Renatus."

Mpango unakwenda vizuri. Ameshaanza kunikosa.